Jasho la bati lisikuozeshee mahindi ghalani

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MKULIMA wa Kipalapala anaweza kufungua ghala lake asubuhi ya mwezi Juni, wiki kadhaa baada ya mvua ya mwisho, akakuta magunia ya juu yamelowa. Jambo la kwanza analofanya ni kumwita fundi apande juu ya paa kutafuta tundu la msumari. Fundi anapanda, anaziba kwa lami matundu mawili matatu, analipwa na kuondoka. Asubuhi ya tatu magunia yamelowa tena.

Maji hayo hayakutoka nje. Yametoka ndani ya ghala lenyewe, na sehemu kubwa yametoka ndani ya mahindi yenyewe. Mafundi na wakulima huyaita jasho la bati, na fundi wa kuziba matundu hawezi kuyazuia. Yanayoweza kuyazuia ni mambo mawili: kuingiza ghalani mazao yaliyokauka, na kuipa hewa njia ya kuingia na kutoka kwa saa zinazofaa.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inafahamika nchini kwa Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo na kwa mitambo yake ya uchapaji iliyotoa vitabu vingi vya dini vya Kiswahili. Lakini eneo hilo na vijiji vinavyolizunguka ni makazi ya wakulima wanaohifadhi mavuno yao katika chumba kimoja cha nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa bati. Makala haya yanawahusu hao, pamoja na mfanyabiashara mdogo anayenunua gunia 10 au 20 wakati wa mavuno akisubiri bei ipande.

Jasho linatoka wapi?

Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Hewa ya moto hubeba mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 inaweza kubeba takribani gramu 23 za maji. Ikipoa hadi nyuzi 15, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hivi. Gramu 10 zinazobaki ni lazima zitue mahali fulani, nazo hutua penye ubaridi kuliko pengine pote. Ndiyo sababu chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu hulowa kwa nje.

Sasa tuangalie usiku wa Tabora. Mji huu uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai mchana huwa na jua kali, lakini usiku anga huwa jeupe bila wingu, na joto hushuka hadi nyuzi 15 au chini yake. Bati ni jembamba na halihifadhi joto. Chini ya anga la namna hiyo hupoteza joto haraka, hata likawa la baridi kuliko hewa ya nje. Wakati huohuo, mahindi na kuta za ndani bado zina joto la mchana. Hewa yenye unyevu hupanda juu, hugusa bati na kuacha maji yake hapo. Matone hutambaa kwenye migongo ya bati hadi kwenye papi, kisha hudondoka juu ya gunia.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 12 chenye kimo cha futi 8. Ndani yake mna takribani mita za ujazo 27 za hewa. Hewa hiyo ikiwa imejaa unyevu kwa nyuzi 25 na kupoa hadi nyuzi 15, itaacha takribani glasi moja ya maji. Glasi moja inaonekana si kitu. Tatizo ni kwamba kama mazao hayakukauka, hewa hupata maji mengine kesho yake na kurudia kazi ileile usiku baada ya usiku.

Gunia 10, madumu matatu ya maji

Mkulima anayeingiza ndani mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 anaingiza maji mengi kuliko anavyodhani. Gunia la kilo 100 lenye unyevu huo, likikaushwa hadi asilimia 13, hupoteza kilo 5 na robo tatu hivi za maji. Kwa gunia 10 ni zaidi ya lita 57, yaani karibu madumu matatu ya lita 20. Hakuna mtu ambaye angekubali kumwagiwa madumu matatu ya maji ghalani mwake. Lakini anayevuna na kuhifadhi kwa haraka anayaingiza mwenyewe, yakiwa yamejificha ndani ya punje.

Wanaolala katika chumba chenye magunia nao huongeza unyevu. Mtu mmoja aliyelala hutoa karibu theluthi moja ya lita ya maji kwa usiku, kwa pumzi na jasho. Mvuke wa sufuria inayochemka jikoni ukiingia chumbani, hesabu huongezeka.

Tembe na kihenge havikutoa jasho

Wazee wa Unyanyembe hawakuwa na tatizo hili kwa kiasi tunachokiona leo. Nyumba ya tembe ilikuwa na kuta nene za udongo na paa bapa la miti iliyofunikwa kwa udongo. Misafara iliyopita njia kuu kati ya pwani na Ujiji iliweka shehena zake katika nyumba za namna hiyo hapa Tabora. Tembe la Kwihara, ambalo Henry Morton Stanley na Dk. David Livingstone walikaa mwaka 1872, lilijengwa upya na bado linatembelewa na wageni. Anayeingia humo saa sita mchana huhisi ubaridi, kwa kuwa udongo mnene hupata joto polepole na hupoa polepole. Usiku upande wa ndani wa paa haupoi ghafla, hivyo unyevu haupati mahali pa kutua.

Kihenge kilichosukwa kwa fito, kikainuliwa juu ya mawe na kuezekwa kwa nyasi, kilifanya kazi kwa njia nyingine. Hewa ilipenya kuta zake mchana na usiku, na nyasi hazipoi kama bati.

Makala haya hayamwambii mtu aezue bati arudi kwenye tembe. Bati huzuia mvua vizuri, hudumu na halihitaji nyasi mpya kila baada ya misimu michache. Lakini tulipohamia kwenye bati tulihama na mazao yetu bila kuhama na zile faida mbili: paa lisilopoa haraka na ukuta unaopitisha hewa. Faida hizo zinaweza kurudishwa kwa gharama ndogo.

Hasara si uozo peke yake

Unyevu ukizidi, kuvu huota. Baadhi ya kuvu, hasa wa jamii ya Aspergillus, hutengeneza sumukuvu ambayo haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupika.

Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kutokana na sumukuvu na 125 kati yao walifariki dunia. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na ugonjwa huo ni kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba za kuishi badala ya ghalani. Hapa Tanzania, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kwa mfanyabiashara, pigo lingine lilikuja Machi 5, 2021, wakati Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa siku chache baadaye, lakini kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni sumukuvu ya aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mnunuzi mkubwa anayekataa shehena kwenye mizani hamjali muuzaji aliyekusanya gunia moja moja vijijini. Hasara inarudi kwa mwenye gunia.

Ni tundu au ni jasho?

Kabla ya kutumia fedha, tambua kwanza tatizo lako. Maji ya tundu huonekana mvua inaponyesha, na hudondoka mahali palepale kila mara. Jasho la bati huonekana alfajiri, hata kiangazi, na hujitokeza sehemu nyingi kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa mstari ulionyooka chini ya papi. Likipigwa jua hukauka, hivyo anayeingia ghalani mchana halioni. Ingia saa 12 asubuhi ukiwa na tochi, upitishe kiganja chini ya bati. Kikilowa wakati hakuna mvua, tatizo lako ni hewa.

Kwanza, kausha

Hakuna dirisha litakaloshinda mahindi mabichi. Anika juu ya turubai au chanja, si juu ya ardhi tupu, na anua kabla umande haujaanza jioni. Mahindi yafike asilimia 13 hivi. Karanga zilizobanguliwa zinahitaji kukauka zaidi, asilimia 7 hadi 8.

Asiye na kipimo atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, kisha mahindi ya kujaza theluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, halafu iache kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isiponata, yako chini ya asilimia 15, na ni busara kuyaanika siku moja au mbili zaidi. Punje ulizopimia usizirudishe kwenye gunia.

Pili, ipe hewa milango miwili

Dirisha moja halitoshi, kwa sababu hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Panahitajika matundu ya chini upande mmoja na matundu ya juu upande wa pili. Hewa kavu huingia chini, hupita kati ya magunia, hubeba unyevu na kutokea juu. Kiangazi upepo wa Tabora huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, hivyo matundu ya chini yawe upande huo, futi moja juu ya sakafu ili maji ya mvua yasiingie. Yale ya juu yawe chini kabisa ya paa upande wa pili, mahali ambapo bati limechomoza vya kutosha kuyakinga na mvua.

Kwa chumba cha futi 10 kwa 12, matundu mawili chini na mawili juu, kila moja la futi moja kwa futi moja, ni mwanzo mzuri. Kila tundu liwe na wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi robo inchi, vinginevyo utakuwa umewafungulia panya mlango. Yote yawe na vifuniko vya mbao vya kufungua na kufunga, na yale ya chini yawe na komeo la ndani kwa ajili ya wezi.

Tatu, jua saa ya kufungua

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Hewa ya nje inasaidia pale tu inapokuwa kavu kuliko ya ndani. Mabaharia wanaijua kanuni hii kwa uzoefu wa karne nyingi, kwa sababu chumba kidogo cha mashua ya tanga na shehena ya meli kubwa hulowa kwa sababu ileile inayolowesha ghala la Kipalapala. Wao hulinganisha unyevu wa hewa ya nje na ya ndani kabla ya kufungua.

Mkulima wa tumbaku wa Tabora naye anaijua, ingawa huenda hajawahi kuihusisha na mahindi. Katika bani la tumbaku ya mvuke, matundu hufungwa mwanzoni ili jani lipate rangi ya njano. Kisha hufunguliwa ili unyevu utoke jani linapokauka, na mwishoni hufungwa polepole ili joto likaushe mti wa jani. Akichelewa kufungua, maji hubaki kwenye majani nayo hugeuka rangi. Ghala la nafaka linahitaji akili hiyohiyo.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, acha matundu ya juu wazi usiku na mchana. Ya chini yafungue umande ukishakauka kwenye majani, na uyafunge jua linapozama. Wakati wa mvua, fungua kwa saa chache tu za jua kali, ukiona ardhi imekauka. Mvua inaponyesha, na usiku wa msimu huo, funga yote. Ghala lililoachwa wazi usiku wa Januari hunyonya unyevu badala ya kuutoa.

Usijaribu kukausha ghala kwa kuingiza jiko la mkaa na kufunga mlango. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na anayeingia kuangalia magunia anaweza asitoke.

Nne, tenganisha gunia na bati, sakafu na ukuta

Dari ndiyo tembe la leo. Fito na matete yaliyokandikwa udongo mwembamba, yakibebwa na miti imara iliyowekwa dawa ya mchwa, hulizuia joto la chumba na unyevu wake kulifikia bati. Acha nafasi ya zaidi ya shubiri moja kati ya dari na bati, iwe wazi pande zote mbili ili hewa ipite. Asiyemudu atandaze magunia ya katani yaliyoshonwa pamoja, yaning'inie chini ya bati bila kugusa mazao. Yatapokea matone usiku na kukauka mchana.

Wapo wanaofunika magunia kwa turubai la plastiki ili matone yasiyafikie. Turubai likibana magunia, unyevu unaotoka kwenye nafaka hunaswa chini yake, na jasho huhamia kutoka kwenye bati kwenda kwenye turubai.

Weka magunia juu ya chaga za mbao zenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, kwa kuwa sakafu ya saruji hupandisha unyevu wa ardhi. Acha nusu mita kati ya magunia na ukuta, ili hewa ipite na wewe upate njia ya kukagua.

Tumbaku ikae peke yake

Katika nyumba nyingi za mkoa huu tumbaku iliyokaushwa husubiri soko katika chumba kilekile chenye chakula. Jani la tumbaku hunyonya unyevu wa hewa upesi sana. Tone moja la jasho la bati linatosha kuanzisha ukungu ndani ya robota, na ukungu huo hushusha daraja siku ya mauzo. Aidha, harufu ya tumbaku huingia kwenye mahindi. Kama chumba ni kimoja, kigawe kwa ukuta wa matofali au matete yaliyokandikwa, na kila upande uwe na matundu yake.

Mifuko na mapipa yasiyopitisha hewa

Mifuko maalumu isiyopitisha hewa na vihenge vya chuma hufanya kazi kinyume na ghala la wazi. Huua wadudu kwa kuwanyima hewa, hivyo matundu hayana nafasi humo. Kwa sababu hiyo, kinachoingia ni lazima kiwe kikavu kabisa, kwani unyevu ukishafungiwa hauna pa kutokea. Kihenge cha chuma kisikae juani. Upande mmoja ukipata joto na mwingine ukabaki wa baridi, unyevu husafiri ndani ya nafaka na kukusanyika juu, chini ya mfuniko. Kiweke kivulini, chini ya paa.

Hesabu ya faida

Tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke bei za soko lako. Mkulima ana gunia 20. Akiuza wakati wa mavuno kwa Sh 50,000 kwa gunia, anapata Sh 1,000,000. Akisubiri hadi Januari bei ikawa Sh 80,000, anapata Sh 1,600,000. Faida ya kusubiri ni Sh 600,000.

Lakini jasho la bati likiozesha gunia 3, na mnunuzi akapunguza Sh 10,000 kwa kila gunia lililobaki kwa sababu ya harufu ya ukungu, mkulima atauza gunia 17 kwa Sh 70,000 na kupata Sh 1,190,000. Faida imeshuka hadi Sh 190,000. Jasho limechukua Sh 410,000, zaidi ya theluthi mbili ya malipo ya miezi yake ya kusubiri.

Kwa hiyo swali si kama matundu, wavu, chaga na dari ni gharama. Swali ni kama gharama hiyo inazidi kile ambacho jasho linachukua kila mwaka. Kwa mfano huu, hata akitumia Sh 200,000, fedha hizo zinarudi msimu wa kwanza, na matundu yataendelea kumhudumia misimu mingi. Mtu anayeogopa ghala lake huuza mapema kwa bei ya chini, kisha Februari hununua unga kwa bei ya juu. Hiyo nayo ni hasara ya jasho la bati, ingawa haionekani kwenye gunia.

Anzia wapi?

Asiye na fedha aanze na yasiyohitaji fedha: kuanika hadi mahindi yapite kipimo cha chumvi, kusogeza magunia mbali na ukuta, kuhamisha sufuria na vitanda, na kufungua kwa saa zinazofaa. Akiuza gunia la kwanza atengeneze chaga na matundu yenye wavu. Dari ifuate baadaye. Ofisa ugani wa kata anaweza kukagua mpango wako kabla hujatoboa ukuta, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo TARI Tumbi kiko jirani na mji wa Tabora kwa wanaohitaji ushauri zaidi.

Kabla ya mavuno yajayo, amka alfajiri moja ukapapase bati lako kwa kiganja. Ni afadhali ulione jasho hilo kabla magunia hayajaingia.